Miezi Minne na Siku Kumi

Dubai, 20 Novemba 1998

Kaka Msabaha,

Assalaam alaykum. Mimi mzima, na nataka na nyinyi muwe wazima: wewe, wifi Shuwena, na mwanetu Najla, ambaye nasikia ukimsemesha Kiswahili anakujibu Kiingereza. Mwambie shangazi yake anakuja, na Kiingereza cha shangazi yake ni cha kuuliza mkono wa kulia au wa kushoto, basi.

Kwanza nikuombe. Barua ya Himid ya mwezi huu haijanifika. Mume wangu haandiki barua ndefu, lakini haruki mwezi. Mpandie huko juu chumbani kwake umwambie mkewe anasubiri.

Umeniuliza mji huu ukoje kwa anayekaa, maana wifi ameona picha zake kwenye gazeti na anataka kuja kununua dhahabu. Kaka, mji huu umejengwa kwa ajili ya mtu wa siku tano. Siku ya kwanza anaangalia majumba, ya pili anaogelea, ya tatu analetwa kwetu jangwani, ya nne ananunua, ya tano anakwenda zake. Mimi nina siku elfu mbili.

Kazi yangu unaijua lakini hujaiona. Saa tisa mchana dereva wetu Mahendra anatupakia, tunakwenda kambini. Kambi yenyewe ni mahema sita juu ya mchanga, mazulia, mito, ngamia wanne, na msichana wa Kimoroko wa kucheza ngoma. Mimi nimevishwa kanzu nyeusi ya nakshi, nakaa chini napaka watalii hina. Wanaambiwa mimi ni mwanamke wa jangwani. Mwanamke wa jangwani mwenyewe kazaliwa Wete, kwenye mvua na matope! Na tajiri anataka mikono yangu iwe na hina kila siku, mpaka kwenye viwiko, ili watalii waone mfano wachague.

Hilo jangwa sisi tunaoishi hapa hatulitaki. Tunalifungia madirisha, tunalifagia asubuhi na jioni, na bado tunalala nalo kwenye shuka. Wageni ndio wanaolipa ili walikanyage kwa miguu mitupu. Wazee walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Hapa wageni wanashuka kila saa, na huyo mwenyeji wa kupona bado sijamjua ni nani.

Wasalimie wote. Himid msalimie mwanzo na mwisho.

Nduguyo, Mardhiya

---

Ilford, London, 9 Desemba 1998

Mdogo wangu Mardhiya,

Waalaykum salaam. Sisi sote wazima isipokuwa mafua, na mafua hapa si ugonjwa, ni msimu. Najla anakusalimu. Amekusalimu kwa Kiingereza, nimekutafsiria.

Mumeo humo ndani ya bahasha. Nilimkalia kitako mpaka akaandika, na ukurasa mmoja umemchukua Jumapili nzima. Anasema mtu akishaandika "nakukumbuka" mengine yote ni kurudia. Baridi haijamzoea. Anavaa makoti mawili ndani ya nyumba, na nikitaka kumwona natazama kwenye radieta ya kupashia joto ukutani, hapo ndipo alipo. Lakini anacheka, anasali, na wifi yako kamfanya mwonja mchuzi wake.

Karatasi zake ziko kwa wakili. Alihojiwa mwezi uliopita kuhusu yaliyotokea Pemba, akaeleza vizuri. Wakili, bibi mmoja mpole, anasema akipewa ukimbizi ndipo tutaanza maombi yako. Chumba cha juu kakipaka rangi mwenyewe, rangi ya maziwa, kwa sababu anasema wewe hupendi chumba cha kiza. Sikumwambia kwamba kwa mvua ya hapa hata chumba cheupe ni cha kiza.

Ofisini kwetu bibi mmoja amerudi kutoka huko kwenu, kaja na picha za ngamia na mkono umechorwa maua. Anasema peponi ni huko. Nikamwambia nina dada yangu hapo. Akasema, "Ana bahati!" Nikaendelea na mafaili yangu.

Kakako, Msabaha

---

Dubai, 27 Januari 1999

Kaka Msabaha,

Idi imepita, Mungu atupe nyingine. Nilivaa, nikasali, nikala biriani kwa Wazanzibari wa mjini, na saa tisa Mahendra akaja kunichukua kama siku zote. Watalii hawana Idi.

Barua ya Himid imenifika. Nimeisoma mpaka imelegea. Mwambie hilo la kurudia nalitaka, arudie.

Nimewauliza wenzangu wanauonaje mji, kwa sababu swali lako lilinikaa. Marcelina, huyu Mgoa ninayelala naye chumba kimoja na wengine wawili, anatandika vitanda hotelini. Anasema kwa miaka tisa hajapata kumwona mzee hapa. Ukizeeka unarudishwa ulikotoka, na kama ulikotoka hawakujui tena, shauri yako. Mahendra ana miaka ishirini na mbili hapa. Yeye anausifu. Anasema umeme haukatiki, barabara hazina shimo, hakuna anayekuibia. Nikamwuliza, "Na wanao?" Akaniambia, "Wamekuwa wakubwa. Nikienda kwetu wanaamka wananipa kiti, kama mgeni." Kisha akawasha redio.

Mimi nakwambia ninavyoona mimi. Hapa hakuna anayekuonea, na hakuna anayekutaka. Ruhusa yangu ya kukaa inafuata kazi kama mkia unavyofuata ng'ombe. Tajiri akichoka na mimi, nina siku thelathini za kufungasha. Nyumba yetu ya Wete wanakaa watu wengine, unajua. Basi mji wangu mimi ni kile chumba alichokipaka rangi Himid. Nakiona nikifumba macho, na bila ya hicho nisingeweza kukaa kwenye ule mchanga nikacheka na watu.

Nduguyo, Mardhiya

---

Ilford, 22 Februari 1999

Mdogo wangu Mardhiya,

Salamu nyingi. Sisi hatujambo. Wifi yako hajambo, Najla hajambo.

Shemeji alianguka kwenye ngazi Alhamisi ya tarehe kumi na moja, asubuhi. Tukaita gari ya wagonjwa, wakaja upesi, wakamchukua. Ni moyo. Wamefanya kila walichoweza. Sasa ametulia, wala hasikii maumivu. Kuandika hawezi, kwa hiyo usingojee barua yake kwa sasa, nitakuandikia mimi.

Sikiliza maneno ya kakako mkubwa. Usiiache kazi. Usiombe likizo, usigombane na tajiri, usikimbilie hapa wala Unguja. Kazi hiyo ndiyo inayokuweka hapo, na kwa sasa huna pengine. Simu ni ghali, usipoteze pesa. Tuandikiane.

Najua utalia. Lia, kisha uende kazini.

Kakako, Msabaha

---

Dubai, 20 Machi 1999

Kaka,

Sijui nianze vipi, basi nianze na salamu. Natumai wazima.

Nimepiga simu mara mbili. Mara ya kwanza alipokea Najla, nikamwuliza mjomba wake Himid yuko wapi, nikasikia simu inanyang'anywa. Wifi akaniambia Himid kalala. Mara ya pili, saa nyengine kabisa, Himid kalala. Mtu mwenye moyo mbovu analala sana, nimekubali. Lakini sauti ya wifi ilikuwa imekaza, na wifi Shuwena namjua, huyo hawezi kusema "hodi" bila ya kucheka.

Wiki iliyopita palikuwa na arusi mjini, nikaitwa kumpaka bibi arusi. Mama mmoja wa Kipemba alinishika mkono kwa mikono miwili akaniambia, "Pole, mwanangu." Nikamwuliza pole ya nini. Akatazama huku na huku, akasema, "Pole ya joto." Kaka, huu mwezi wa tatu, joto lenyewe halijaanza.

Nimbandikie Himid salamu zangu hapa. Mwambie asijilazimishe kuandika, aweke alama tu ya kalamu kwenye karatasi, hata mstari mmoja uliopinda, nitaujua ni wake. Mwambie sikasiriki. Mwambie juzi upepo wa mchanga uliangusha hema la chai juu ya Wajerumani kumi na nikamkumbuka yeye, angecheka mpaka akae chini.

Na wewe nakwambia wazi. Nikifika mwisho wa mwezi wa nne sijauona huo mstari, naacha kazi, na la kuwa na liwe.

Mardhiya

---

Ilford, 14 Aprili 1999

Mdogo wangu,

Usifanye hivyo. Nakuomba, na wala sijapata kukuomba kitu.

Himid amepumzika. Mkono wake hauwezi kalamu, mstari usiudai. Kuhusu karatasi, zinakwenda vizuri. Sikutaka kukwambia kabla ya wakati, lakini kwa kuwa umeniambia maneno hayo, jua kwamba kuna jambo utalisikia mwezi wa sita. Nitakuandikia mimi mwenyewe, baada ya katikati ya mwezi. Mpaka wakati huo kaa kazini, fanya kazi yako, subiri. Subira huvuta heri.

Huku majira ya machipuko yameanza, miti imetoa maua barabarani kwetu. Wifi yako anakusalimu sana. Analia akikutaja, lakini yeye hulia kwa kila kitu.

Kakako, Msabaha

---

Dubai, 2 Juni 1999

Kaka yangu mpenzi Msabaha, na wifi yangu, na mume wangu kitandani kwake, na Najla,

Assalaam alaykum nyote! Leo nawaandikia nimekaa kwa starehe, miguu nimeikunja.

Barua yako imenituliza roho. Nilikuwa nimekonda, watalii wakiniuliza kama ninafunga. Kumbe ulikuwa unanificha heri! Nilijua. Nilimwambia Marcelina, kaka yangu ni karani, makarani hawasemi "vizuri" mpaka waone muhuri.

Sasa usinikasirikie. Najua ulisema nikae kazini mpaka katikati ya mwezi, lakini tajiri ana utaratibu wake: anataka kuambiwa mapema ampate mpakaji mwengine kabla ya mtu kuondoka. Nikaona, kama Himid anaumwa na karatasi ziko tayari, nisije nikakwama hapa mwezi mzima kwa ajili ya barua. Basi nimeshamwambia. Siku yangu ya mwisho ni tarehe kumi na tano, na siku hiyo ndiyo ruhusa yangu inafutwa. Baada ya hapo nina siku thelathini, nazo zinatosha kabisa. Mpakaji mpya keshakuja, msichana wa Rajasthani, ana mkono mwepesi kuliko mimi.

Nikwambie jambo la ajabu. Ijumaa Marcelina alinipeleka kwenye hoteli anayotandika, tukanywa chai ukumbini kama wageni, kwa vijiko vya fedha. Nikatazama nje kwenye kioo, nikaona majani yamemwagiwa maji, minazi imepangwa, bahari nyeupe kwa jua. Nikasema, lo, mji huu mzuri! Miaka sita sijauona. Nimetambua kuwa mji huu ni mzuri kwa mtu anayeondoka, na hilo ndilo jibu la swali lako la mwaka jana.

Jana nimejipaka hina mwenyewe, si ya kambini. Ile ya nyumbani, ya mwanamke anayekwenda kwa mumewe. Mwambie.

Mardhiya wenu

---

Ilford, 20 Juni 1999

Mdogo wangu Mardhiya,

Kaa chini, na mwite huyo mwenzako Marcelina akae na wewe, kisha usome.

Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Mumeo Himid alifariki Alhamisi ile ile, tarehe kumi na moja Februari, kabla ya kufika hospitali. Tulimzika Ijumaa baada ya sala, katika makaburi ya Waislamu, watu wengi, wa Unguja na wa Pemba. Nilisimama kaburini nikawaomba wote, mmoja mmoja, mdomo wasiufungue.

Nitakwambia kwa nini, na unihukumu. Himid alikufa na kesi yake ikafa naye. Mlango wa London ulifungwa siku hiyo. Wete hakuna nyumba. Kilichobaki ni kazi yako. Na mimi nilijua ungefanya nini ukisikia: ungekaa eda, miezi minne na siku kumi, ndani, huna hina, huna nguo ya rangi, hutoki. Na tajiri yupi angekungoja miezi minne na siku kumi, kwa kazi ya kupaka hina? Angekufuta wiki ya kwanza. Ungempoteza mume na mahali pa kukaa kwa pigo moja.

Nikamwendea Maalim Riyadh anayetusomeshea watoto. Akaniambia eda ya kufiwa inaanza siku ya kifo, si siku ya khabari. Mwanamke akipata khabari muda umeshapita, hana la kukaa. Kisha akaniambia, "Lakini hiyo ni sheria ya aliyechelewa kujua, Msabaha. Si ruhusa ya kumchelewesha." Nikasikia la kwanza, la pili nikalifanya sikulisikia. Nikachukua kalenda ya msikiti, nikahesabu. Eda yako imekwisha juzi. Hukufanya dhambi yoyote. Kama kuna dhambi, ni yangu.

Sasa lia, mdogo wangu, lia unavyotaka, lakini kesho uwe na kazi ya kwendea. Hicho ndicho nilichoweza kukuokolea.

Kakako, Msabaha

21 Juni. Nimeifungua bahasha tena. Barua yako ya tarehe mbili imefika asubuhi hii. Nimeisomea mlangoni, nimevaa koti la kwendea kazini, na kazini sikwenda. Mardhiya, ule mwezi wa sita niliusema ili usiache kazi. Sikujua la kusema jengine. Nitakukatia tiketi ya Unguja, utakaa kwa rafiki yangu Jotham, mwalimu, mtu mwema, mpaka tuone. Nijibu. Hata nitukane, lakini nijibu.

---

Dubai, 5 Julai 1999

Msabaha,

Barua yako imefika juzi. Marcelina alikuwa kazini. Niliisoma peke yangu, kwa hiyo hata hilo halikwenda kama ulivyopanga.

Sikutukani. Nilikuwa na matusi juzi, leo nimeyamaliza.

Nataka ujue ulichonichukulia, kwa sababu naona unadhani ni eda. Mume wangu yuko chini ya udongo, na mimi nimekaa hemani nimejichora mpaka viwikoni, nawachekea watu. Nimekwenda arusini nimevaa kijani. Nimeimba, Msabaha. Na wewe ulikuwa unajua kila siku niko wapi na mikono yangu ikoje, maana nilikuandikia. Tangu juzi naisugua kwa ndimu na jiwe. Hii ya mwisho, niliyojipaka kwa ajili yake, imeshika kuliko zote. Mwanamke mwenye akili timamu angeona haya kutoka nje, na mimi nilikuwa nalipwa kuionyesha.

Mahendra alikwenda kuniombea kwa tajiri, bila ya kuambiwa. Tajiri si mtu mbaya, alisikitika. Lakini nafasi keshapewa yule msichana na jina langu limeshapelekwa uhamiaji. Mahendra akaniletea kikapu cha maembe, akasimama mlangoni na kofia yake mkononi. Akaniambia kwa miaka ishirini na mbili ameshawapeleka wengi uwanja wa ndege, na hakuna hata mmoja ambaye mji huu uliuliza kaenda wapi.

Nilimpigia simu mke wa imamu wa hapa mtaani. Kasema kama alivyosema Maalim wako: siku zimepita, huna eda, uko huru. Nimemshukuru. Moyo wangu hauna khabari za Februari. Himid wangu kafa juzi, saa kumi alasiri, Jumamosi, hapa chumbani.

Hujaniambia nani alimwosha. Hujaniambia kama alisema neno pale kwenye ngazi. Umeniandikia kurasa za hesabu ya siku, na hilo hukuliandika. Usiliandike tena. Nikilisikia kwako sitaliamini, na hilo ndilo linaloniuma zaidi, kwamba mtu pekee aliyekuwapo ni wewe.

Tiketi usikate. Kwa Jotham siendi, mimi si kifurushi cha kuwekeshwa kwa watu wema. Nimevaa nguo nyeupe ya Marcelina, sina yangu, na tangu juzi nimekaa eda. Nitamaliza mwezi wa kumi na moja. Ruhusa yangu ya kuwa katika mji huu inakwisha tarehe kumi na tano mwezi huu, siku kumi kutoka leo. Najua kuhesabu kama wewe. Lakini mjane hatoki nyumba aliyofiliwa, na mimi nimefiwa hapa, kwenye kitanda cha chini, chumba cha wanawake wanne. Wakija kunitoa watanikuta hapa.

Mardhiya